Denis Burkitt: Daktari wa Jicho Moja Aliyefuata Nyayo za Saratani ya Watoto

Waamini wa Singida wanayafahamu matunda ya watu waliotoka Ireland kuja kuwahudumia wagonjwa wetu. Hospitali ya Makiungu, iliyoanzishwa na Masista Wamisionari wa Tiba wa Maria katika miaka ya 1950, ni ushuhuda unaoonekana hadi leo. Katika miaka hiyohiyo, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, Mwairishi mwingine alikuwa akipasua na kutibu wagonjwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Hakuwa padre wala mtawa, na hakuwa Mkatoliki. Alikuwa mlei wa Kanisa la Anglikana, mume na baba wa mabinti watatu. Jina lake ni Denis Parsons Burkitt. Jina hilo sasa limo katika vitabu vya tiba duniani kote, kwa sababu ya ugonjwa uliokuwa ukiua watoto wa Afrika Mashariki huku wakubwa wa elimu wakiwa hawajautambua.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa waamini, kwa kuwa yanaonyesha jinsi uangalifu wa mtu mmoja mbele ya mtoto mgonjwa unavyoweza kufungua mlango ambao vyombo vya gharama kubwa visingeufungua peke yake.

Utoto na ujana

Denis Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Aliwavisha ndege wadogo wa bustani yake pete za chuma miguuni, akachora ramani kuonyesha kila mmoja anaishi wapi na mpaka wake unaishia wapi. Mtoto alikua akiona kwamba mtu akiuliza jambo linatokea wapi, huenda akakaribia kujua kwa nini linatokea. Somo hilo la nyumbani lilikuja kuzaa matunda makubwa.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa na jiwe usoni katika ugomvi wa wanafunzi, akapoteza jicho moja. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity, Dublin, kusomea uhandisi kama baba yake. Humo alijiunga na kikundi kidogo cha wanafunzi Wakristo waliokutana kusali na kusoma Maandiko Matakatifu. Katika sala za mwaka ule wa kwanza alisadiki kwamba Mungu anamwita kwenye udaktari. Aliacha uhandisi, akahitimu udaktari mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata shahada ya upasuaji mjini Edinburgh.

Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi lilimpokea kama daktari, na utumishi huo ukamfikisha Kenya na Somalia. Wakati wa likizo aliitembelea Uganda, akaipenda. Mwaka 1943 alifunga ndoa na Olive Rogers, ambaye alishiriki naye safari yote ya maisha. Baada ya vita aliomba tena, na safari hii akakubaliwa.

Lira, na ramani ya kwanza

Mwaka 1946 Burkitt alipelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda. Humo aliona wanaume wengi wenye mabusha. Daktari mwingine angewapasua na kuendelea na kazi. Burkitt aliwapasua, lakini pia alimwuliza kila mmoja anatoka wapi. Akagundua kwamba wagonjwa wa upande wa mashariki wa wilaya walikuwa wengi kuliko wa magharibi. Tofauti hiyo ilifuata kuenea kwa minyoo inayosambazwa na mbu, ileile iletayo matende. Kwa karatasi na kalamu tu, mwana wa mchora ramani za ndege alikuwa amechora ramani ya ugonjwa.

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago, hospitali kuu ya Uganda na mahali pa kufundishia madaktari wa Makerere.

Watoto wawili wa mwaka 1957

Mwaka 1957 Dkt. Hugh Trowell, mkuu wa tiba ya watoto hapo Mulago, alimwita Burkitt kumtazama mtoto wa kiume wa miaka mitano. Taya za mtoto huyo zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Meno yalikuwa yamelegea, na uso umeharibika. Uvimbe wa kawaida wa saratani huanza mahali pamoja. Huu ulikuwa umetokea mahali panne kwa mpigo. Burkitt alimpiga picha, akashindwa kueleza alichokiona.

Majuma machache baadaye alikuwa akitembelea hospitali ya Jinja. Akichungulia dirishani, alimwona mtoto wa kike nje akiwa na mama yake, uso wake umevimba kwa namna ileile. Alitoka mara moja kwenda kumpima, akakuta kwamba hata tumboni alikuwa na uvimbe. Kitu kinachotokea mara moja kinaweza kuwa ajabu tu; kikitokea mara mbili, kinadai kuulizwa.

Aliporudi Mulago alifungua kumbukumbu za wagonjwa. Akaona kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mwingine kwenye figo, ini au viungo vingine vya ndani. Madaktari walikuwa wameyaandika mambo hayo kama magonjwa mbalimbali. Kumbe ulikuwa ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 alichapisha taarifa yake katika jarida la upasuaji la Uingereza. Baadaye wataalamu wa Mulago waliochunguza vinyama chini ya hadubini, hasa Mmarekani Gregory O'Conor, walithibitisha kwamba ilikuwa limfoma, yaani saratani ya chembe za damu zinazoulinda mwili. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Safari ndefu ya mwaka 1961

Burkitt aliandaa vipeperushi vyenye picha, akavituma katika hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama watoto wa namna hii wanaonekana huko. Majibu yalichora mkanda mpana katikati ya bara, lakini mipaka yake haikueleweka. Hivyo aliamua kwenda kuona mwenyewe.

Mnamo Oktoba 1961, akiwa na madaktari wawili wamisionari, Edward Williams na Clifford Nelson, aliondoka Kampala kwa gari kuukuu aina ya Ford walilolinunua kwa pauni 250. Walipita Tanganyika, iliyokuwa ikihesabu siku zake za mwisho kabla ya Uhuru, wakaendelea hadi kusini mwa Afrika na kurudi. Kwa majuma kumi walisafiri takriban kilomita 16,000 na kutembelea hospitali 57, nyingi zikiwa za misioni. Kila walipofika, Burkitt aliwaonyesha madaktari na wauguzi picha za watoto, kisha akaandika kama wamewahi kuwaona.

Jibu lilikuwa la kushangaza. Karibu na Ikweta, ugonjwa ulikoma kwenye kimo cha kama mita 1,500, kimo kinachokaribiana na cha mji wetu wa Singida. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka ulishuka, hata huko Swaziland ukawa chini ya mita 300 hivi. Burkitt alidhani kimo chenyewe ndicho kizuizi. Alikuwa Alexander Haddow, mtaalamu wa mbu na virusi wa Entebbe, aliyeitazama ramani na kutambua kwamba jambo lenyewe lilikuwa joto. Ugonjwa ulipenda mahali penye joto na mvua ya kutosha, yaani makao ya mbu. Utafiti uliofuata uliuhusisha ugonjwa huu na malaria kali inayomrudia mtoto mara kwa mara.

Kutoka Kampala hadi London

Miezi michache kabla ya safari ile, mwezi Machi 1961, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Alivutwa na wazo kwamba saratani inayofuata mvua na joto huenda inabeba virusi. Wawili hao walipatana, na tangu hapo vipande vya uvimbe wa watoto wa Uganda vikawa vinasafirishwa kwa ndege hadi London.

Kwa muda mrefu Epstein hakuona chochote. Kisha, Desemba 1963, ukungu ulifunika London, na ndege iliyobeba kifurushi kutoka Kampala ikalazimika kutua Manchester. Kifurushi kilipofika, maji yaliyomo yalikuwa yameingia utusitusi, kana kwamba yameoza. Badala ya kukitupa, Epstein alitazama tone moja chini ya hadubini, akakuta seli za saratani zikielea, zikiwa hai. Mwanzoni mwa mwaka 1964 alitazama seli zilizokuzwa kutokana na kifurushi hicho kwa hadubini ya elektroni, akaona virusi visivyojulikana. Yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza ugunduzi huo mwezi Machi mwaka huo. Virusi hivyo huitwa Epstein-Barr, na ndivyo virusi vya kwanza vya binadamu kuhusishwa na saratani.

Taa ndani ya seli

Hata hivyo, kuona virusi ndani ya seli chache hakutoshi. Ilihitajika njia ya kuuliza kwa watu wengi: ni nani amebeba virusi hivi, na je, wagonjwa wanatofautianaje na wazima? Hapa ndipo rangi zing'aazo zilipoingia katika simulizi hili.

Msomaji aliyewahi kuona karani wa benki akiweka noti chini ya taa ya zambarau, alama zilizofichika zikawaka, ameshaiona kanuni yenyewe. Kuna rangi ambazo hupokea mwanga wa zambarau au wa buluu na kuurudisha ukiwa wa rangi nyingine, kama kijani kibichi. Mapema miaka ya 1940, Albert Coons wa Chuo Kikuu cha Harvard alifaulu kuifunga rangi ya namna hiyo kwenye kingamwili, yaani zile chembechembe ambazo mwili huzitengeneza ili kumtambua adui mmoja mahususi. Kingamwili ni kama mjumbe anayeijua nyumba moja tu katika kijiji kizima. Rangi ni taa aliyopewa mkononi. Aachiliwe gizani, na ile nyumba moja ndiyo itakayowaka.

Epstein aliwatumia seli za limfoma ya Burkitt wanandoa Werner na Gertrude Henle, wanasayansi waliotoka Ujerumani na kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya Philadelphia, Marekani. Walizipaka seli hizo juu ya kioo, wakadondoshea majimaji ya damu ya wagonjwa, kisha wakaongeza kingamwili zenye rangi ing'aayo. Mwaka 1966 walieleza walichokiona: katika uwanja mweusi wa hadubini, baadhi ya seli ziliwaka kijani. Damu ya watoto wagonjwa ilikuwa inavitambua virusi.

Lakini mwanga ule ulisema zaidi ya walivyouliza. Damu ya watu wazima wengi wa Marekani, ambao hawakuwahi kuugua limfoma hii, iliziwasha seli hizo pia, ingawa kwa nguvu ndogo. Kumbe virusi vilikuwa vimeenea duniani kote. Havikutosha peke yake kuleta saratani. Kwa watoto wa Afrika kulikuwa na msaidizi, na malaria ikazidi kutiliwa shaka.

Katika miaka hiyohiyo George Klein na wenzake wa Stockholm, Sweden, walitumia mwanga huo kuchunguza ngozi ya nje ya seli zilizochukuliwa kwa wagonjwa wa Nairobi. Katika miaka ya 1970 Mfaransa Guy de-Thé alisimamia utafiti huko West Nile, Uganda, ambako damu za watoto wapatao 42,000 zilihifadhiwa na afya zao kufuatiliwa. Matokeo ya mwaka 1978 yalionyesha kwamba waliougua limfoma walikuwa na kingamwili nyingi kuliko wenzao, muda mrefu kabla ya uvimbe kuonekana. Na mwaka 1976, Lore Zech wa Stockholm, akizipaka kromosomu rangi nyingine ing'aayo, aliona kipande cha kromosomu namba 8 kimehamia kwenye namba 14. Kosa hilo ndilo linaloifanya seli isahau kuacha kugawanyika.

Elimu hiyo haikubaki kwenye limfoma peke yake. Leo, katika hospitali zenye uwezo, mgonjwa wa uvimbe fulani wa ubongo hunyweshwa dawa kabla ya upasuaji, na chini ya mwanga wa buluu seli za saratani humwonekania daktari zikiwa nyekundu, hata akajua wapi akate na wapi aache. Injili inamtaja mwanamke aliyewasha taa na kufagia nyumba mpaka akaipata sarafu yake. Kazi ya watafiti hawa inafanana na ile taa: haiongezi kitu nyumbani, inaonyesha tu kilichokuwamo.

Tiba

Burkitt hakuridhika na ramani. Alijua kwamba upasuaji ulikuwa unaziharibu nyuso za watoto bila kuwaponya, na wengi walikufa ndani ya miezi michache. Vifaa vya kutibu saratani kwa mionzi havikuwapo. Alipopata dawa mpya za saratani kutoka ng'ambo, alianza kuwapa watoto kwa uangalifu, na maajabu yakaonekana. Uvimbe uliokuwa umeifunika sura ya mtoto uliyeyuka kwa siku chache, na baadhi ya watoto hawakuugua tena kamwe. Wakati ambapo madaktari wengi duniani waliamini kwamba saratani haiponi kwa dawa, watoto wa Uganda walikuwa miongoni mwa mashahidi wa kwanza wa kinyume chake. Mwaka 1967 kituo maalumu cha kutibu limfoma kilifunguliwa hapo Mulago.

Miaka ya mwisho

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966 na kurudi Uingereza. Huko alitumia mbinu yake ileile ya kuuliza magonjwa yanatokea wapi, akiwa na rafiki yake wa zamani Hugh Trowell. Aliona kwamba maradhi mengi ya utumbo yaliyowasumbua Wazungu yalikuwa nadra katika vijiji vya Afrika, akawahimiza watu wa Magharibi wale nafaka zisizokobolewa, mboga na maharage. Mawazo yake mengine kuhusu lishe yamejadiliwa na kurekebishwa, lakini ushauri wenyewe umebaki. Mlaji wa ugali wa mtama au uwele usiokobolewa hapa Singida asiudharau mlo wa wazee wake.

Alipewa tuzo nyingi, ikiwamo ya Lasker na uanachama wa Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi, yote mwaka 1972. Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu aliyeanza siku kwa sala na Biblia, na aliyewataja wenzake kabla ya kujitaja mwenyewe. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Deni letu kwa watoto wale

Katika maisha haya wapo watu tusiowajua majina: mvulana wa Mulago, msichana wa Jinja, na watoto ambao vipande vya uvimbe wao vilisafiri hadi London, Philadelphia na Stockholm. Maumivu yao yalizaa maarifa ambayo sasa yanaponya watoto wengi katika nchi tajiri. Haki inadai kwamba matunda hayo yarudi na kuwafikia watoto wa bara lililoyazaa. Anayesali kwa ajili ya wagonjwa amwombee pia kila anayefanya kazi ili dawa na vipimo vifike kwetu.

Lipo pia jukumu la wazazi. Mkoa wetu si miongoni mwa ile yenye malaria kali, lakini watu huhama, na ugonjwa hauheshimu mipaka. Limfoma ya Burkitt hukua haraka kuliko karibu saratani nyingine zote. Seli zake zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto mwenye taya iliyovimba na meno yaliyolegea, jicho linalotokeza nje, au tumbo linalovimba kwa kasi, hapaswi kungojeshwa nyumbani kwa kudhaniwa kuwa ni jino, wala kuzungushwa kwa waganga kwa kudhaniwa kuwa amerogwa. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Apelekwe katika kituo cha afya kilicho karibu, ili apewe rufaa kwenda hospitali zenye huduma ya saratani, kama Bugando iliyo ya Kanisa letu kule Mwanza, KCMC Moshi, au Muhimbili. Na akishaanza dawa, azimalize hata kama uvimbe umekwisha kutoweka machoni. Jicho la mzazi haliwezi kuona seli zilizobaki.

Jumuiya ndogondogo za Kikristo zinaweza kufanya jambo ambalo hadubini haiwezi: kujua ni nyumba gani ina mtoto mgonjwa, kuchangia nauli ya basi kwenda Mwanza, na kuwaangalia ndugu zake waliobaki nyumbani mama anapokuwa wodini. Ugunduzi wote uliosimuliwa hapa ulianza na mtu aliyechungulia dirishani na kutoka kwenda kumpima mtoto wa mwenzake.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee watoto wetu na wote wanaowahudumia.